Lugha ya Hitilafu: Uhakiki wa Taarifa za Programu ya BOINC katika Kompyuta za Linux

Utangulizi

Nia ya makala haya ni kuchunguza aina moja ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawajaipa nafasi, nayo ni taarifa fupi fupi ambazo kompyuta humwandikia mtu pale kazi inapoharibika. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika isimu nako tumezoea kujadili istilahi: je, tuseme kompyuta au tarakilishi, faili au jalada, neno la siri au nywila? Mijadala hiyo ina faida zake, na mwandishi wa makala haya ameshiriki katika baadhi yake. Hata hivyo, takriban yote huhusu majina ya vitu vikiwa vizima. Ni nadra sana kujiuliza Kiswahili kinasema nini kitu hicho hicho kinapoharibika, na kama maneno hayo yanamsaidia msomaji kukitengeneza.

Hoja yetu ni kwamba lugha haijaingia katika fani mpaka iweze kueleza hitilafu za fani hiyo kwa namna inayomfikisha mtu kwenye chanzo chake. Kwa kipimo hiki, Kiingereza chenyewe cha programu tunayoichunguza kina upungufu mkubwa. Kiswahili kina zana za kuuziba upungufu huo, na zana hizo zimo katika vitenzi. Lakini sisi tulio katika vyuo tumekuwa tukiziacha ghalani huku tukihangaikia nomino.

Programu yenyewe na watu wake

Yafaa kwanza tumjulishe msomaji programu inayohusika. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha mradi wa SETI@home, ambao uliwaomba watu wa kawaida waazime nguvu za kompyuta zao ili kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani, kutafuta dalili za viumbe wenye akili. Kutokana na mradi huo, mwaka 2002 ilianza kutengenezwa hapo hapo Berkeley, chini ya uongozi wa David Anderson, programu ya BOINC, ambayo ingeweza kuhudumia miradi mingi ya namna hiyo. SETI@home iliacha kugawa kazi mwezi Machi 2020, lakini BOINC imeendelea kutumiwa na miradi mingine. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Hesabu kubwa hugawanywa vipande vidogo; kila kipande hutumwa kwa kompyuta ya mtu aliyejitolea; kompyuta hiyo hukokotoa wakati mwenyewe haitumii, kisha hurudisha jibu. Mara nyingi kipande kimoja hutumwa kwa kompyuta mbili au zaidi ili majibu yalinganishwe. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo hili si geni kwetu kama linavyoweza kudhaniwa. Mwaka 2006 ulitangazwa mradi wa malariacontrol.net, chini ya taasisi ya magonjwa ya nchi za joto iliyoko Basel, Uswisi. Mradi huo ulitumia BOINC kuiga kwa hesabu jinsi malaria inavyoenea na jinsi chanjo au hatua nyingine za kinga zinavyoweza kuipunguza. Ulifungwa mwaka 2016. Kwa hiyo kwa muda wa miaka kumi ilikuwapo kazi ambayo mtu wa Kisumu au wa Kilifi angeweza kuifanya akiwa kwake, dhidi ya ugonjwa anaoufahamu kwa jina na kwa homa yake. Ilimpasa tu awe na kompyuta, umeme, mtandao, na uwezo wa kusoma kile ambacho kompyuta ingemwambia siku kazi itakapokwama. Sharti hilo la mwisho ndilo linalotuhusu.

Tumechagua kompyuta za Linux kwa sababu mbili. Kwanza, mfumo huo, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haununuliwi, na kwa hiyo waufaa mtu mwenye kompyuta kuukuu na mfuko mwembamba. Pili, katika Linux BOINC huwekwa kwa namna inayozidisha mkanganyo wa lugha. Katika Debian na jamaa zake, programu hugawanyika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mtendakazi, anayefanya kazi chinichini bila kuonekana, kwa jina lake mwenyewe la mtumiaji, yaani boinc, wala si kwa jina la mwenye kompyuta. Sehemu ya pili ni dirisha ambalo mwenye kompyuta hulifungua ili kumsimamia mtendakazi huyo. Sehemu hizi mbili huzungumza kupitia mlango wa mtandao nambari 31416, na dirisha hujitambulisha kwa neno la siri lililohifadhiwa katika faili maalumu. Basi mtu anaweza kuwa mwenye nyumba na bado asiruhusiwe kuingia jikoni. Tutaona kwamba taarifa za programu hazimwelezi hivyo.

Taarifa ya kwanza: neno la siri ambalo hakuna aliyelitoa

Mtu amekwisha kuiweka programu. Anafungua dirisha, na mara anaandikiwa kwamba neno la siri alilotoa si sahihi, na anaombwa ajaribu tena.

Tuihakiki sentensi hii kama ambavyo tungehakiki sentensi ya mhusika katika tamthilia. Ina mtendaji, naye ni msomaji: neno ni lile ulilotoa. Ina hukumu: si sahihi. Ina ushauri: jaribu tena. Yote matatu si kweli. Msomaji hakutoa neno lolote, kwa kuwa hakuulizwa. Neno lililomo katika faili ni sahihi kabisa. Na kujaribu tena, hata mara mia, hakutabadilisha kitu. Kilichotukia ni kwamba dirisha, likifanya kazi kwa jina la mwenye kompyuta, halikuruhusiwa kulisoma faili la neno la siri, ambalo ni mali ya mtumiaji boinc na kundi lake. Tiba yake ni kumwingiza mwenye kompyuta katika kundi hilo, kisha atoke katika mfumo na kuingia upya ili uanachama wake utambuliwe.

Hatusemi kwamba waandishi wa programu walikusudia kudanganya. Sentensi ile iliandikwa kwa ajili ya hali nyingine, ambapo mtu huandika neno la siri kwa mkono wake ili asimamie kompyuta iliyo mbali, kisha ikaachwa itumike hata pale isipofaa. Lakini mhakiki hupima maneno kwa mahali yaliposemwa. Hapa yamemtwika lawama mtu asiye na kosa, na kumtuma atafute mahali pasipo na kitu.

Sasa tuiandike kwa Kiswahili: Dirisha halikuruhusiwa kusoma faili la neno la siri. Sentensi hii ina maneno 8. Tafsiri ya moja kwa moja ya ile ya awali, Neno la siri ulilotoa si sahihi, tafadhali jaribu tena, ina maneno 9. Haiwezi kusemwa basi kwamba ukweli huhitaji nafasi kubwa zaidi. Ubora wa sentensi ya kwanza umo katika kitenzi halikuruhusiwa. Kauli ya kutendwa humfanya msomaji aulize: halikuruhusiwa na nani? Na swali hilo ndilo mlango wa tiba.

Taarifa ya pili: kadi ambayo haikupatikana

Miradi mingine huweza kutumia kadi ya michoro kukokotoa, nayo kwa hesabu za aina fulani hufanya kazi kwa kasi kubwa kuliko kichakataji cha kawaida. Mtendakazi anapoanza kazi huitafuta kadi hiyo. Asipoiona huandika katika daftari lake la matukio: No usable GPUs found. Mwenye kompyuta aonaye kadi yake imechomekwa, na picha zinang'aa kwenye kioo, hushangaa.

Hali zinazoweza kuleta taarifa hii ni nyingi. Huenda programu ya kuiendesha kadi haijawekwa. Huenda imewekwa lakini maktaba ya kuitumia kwa hesabu haipo. Huenda vyote vipo, ila mtumiaji boinc hamo katika makundi yanayoruhusiwa kuigusa kadi. Tena huenda hakuna upungufu wowote isipokuwa wakati: kompyuta ilipowashwa, mtendakazi aliamka kabla programu ya kuiendesha kadi haijawa tayari. Kwa kuwa BOINC huitafuta kadi mara moja tu, inapoanza, hali hiyo hudumu hadi mtendakazi asimamishwe na kuanzishwa upya.

Taarifa ya Kiingereza haina kitenzi kilichokamilika. Haina wakati, wala haina nafsi. Neno usable limebeba mzigo wote, nalo limeufunika. Kiswahili hakikubali kwa urahisi sentensi isiyo na wakati, na hapa ugumu huo ni neema. Tukisema kadi haipatikani, tunadai kwamba hali ni ya kudumu. Tukisema kadi haijapatikana, tunamwambia mtu angoje. Tukisema kadi haikupatikana programu ilipoanza, tunamwambia kwamba utafutaji ulifanyika wakati fulani na umekwisha. Na msomaji mwenye akili ya kawaida atafikiri kuanzisha upya. Kati ya hizo tatu, ya tatu peke yake ndiyo kweli. Vile vile lugha yetu inatofautisha kadi isiyokuwapo (haipo), ile isiyoonekana (haionekani), ile isiyofikika (haifikiki), na ile ambayo mtendakazi hana ruhusa ya kuitumia. Hayo ndiyo matawi manne ambayo fundi angeyapitia, moja baada ya jingine.

Taarifa ya tatu: hitilafu ya hesabu ambayo haikufanyika

Mfano wa tatu ni mzito zaidi kwa kuwa unahusu kazi yenyewe iliyopotea. Kipande cha kazi kikishindwa, dirisha huandika mbele yake maneno mawili, ambayo kwa Kiswahili ni hitilafu ya ukokotoaji. Hili ni jina tu. Halisemi nani alifanya nini.

Chini ya jina hili hulala mambo yasiyofanana hata kidogo. Kompyuta iliyopata joto kupita kiasi inaweza kukosea hesabu kweli. Hapo jina linafaa. Lakini pia kumbukumbu ikijaa, kiini cha Linux huchagua kazi mojawapo na kuiua ili kompyuta nzima isizimike. Na ushahidi wa mauaji hayo umo katika daftari la kiini, si katika daftari la BOINC. Tena programu ya mradi iliyotengenezwa kwa mfumo wa biti 32, ikifika katika kompyuta ya biti 64 isiyo na maktaba za zamani, hushindwa hata kuanza. Kuna na kisa kingine ambacho kimewasumbua wengi: zamani kiini cha Linux kilikuwa na njia ya kale, iitwayo vsyscall, ambayo programu ziliweza kuitumia kuuliza saa na mambo kama hayo. Kwa sababu za usalama, Debian tangu toleo la 9 la mwaka 2017 huifunga njia hiyo isipoagizwa vinginevyo. Programu kuukuu iliyozoea kupita hapo hufa mara moja kwa ishara nambari 11. Katika visa hivi viwili vya mwisho, hakuna hesabu ya maana iliyofanyika. Kuviita hitilafu ya ukokotoaji ni kama kusema kwamba mgeni ameshindwa kula, ilhali mlango haukufunguliwa.

Kwa mwanaisimu wa Kiswahili, jambo hili lina mvuto wa pekee. Lugha yetu haimwachi msemaji aseme habari ya kifo bila kuchagua: kazi imekufa, au imeuawa? Na ikiwa haikuanza, hatuwezi kusema imekufa. Twasema haikuzaliwa, au kwa lugha ya kawaida, haikuanza. Vitenzi hivyo vitatu, imekufa, imeuawa, haikuanza, vyampeleka msomaji mahali patatu tofauti: imekufa yampeleka kwenye programu ya mradi au joto la mashine, imeuawa yampeleka kwenye kumbukumbu na daftari la kiini, na haikuanza yampeleka kwenye maktaba zinazokosekana. Mgawanyo huu hatukuubuni. Mtoto wa miaka mitano aujua.

Kuna taarifa nyingine ya jamii hii, ambayo husema kwamba kazi imetoka kwa hali ya sifuri, yaani kwa amani, lakini haikuacha faili la kumaliza. Na kwamba jambo hilo likirudiarudia huenda ikabidi kuuweka upya mradi. Mara nyingi maana yake ni kwamba programu ya mradi ilikosa kusikia kutoka kwa mtendakazi kwa muda, pengine kwa sababu diski ilikuwa imeelemewa, ikajiondoa. Na kwa kawaida itaanza tena pale ilipoweka alama ya mwisho. Hakuna hasara kubwa. Lakini ushauri wa kuuweka upya mradi una hasara, kwa kuwa kufanya hivyo hutupa vipande vyote vya mradi huo vilivyo njiani. Taarifa haimwambii msomaji bei ya dawa inayompa. Mtu aliyejitolea siku tatu za umeme wake alistahili kuambiwa.

Ya "imekataa"

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba Kiswahili kwa kuwa ni Kiswahili kitasema kweli. Mwulize mwanafunzi wetu yeyote ambaye kompyuta yake imekwama: imesemaje? Atajibu, "Imekataa." Neno hili limeenea kuliko istilahi zote tulizozitunga. Simu imekataa, mtandao umekataa, programu imekataa. Nalo ni pazia zito kuliko lile la Kiingereza, kwani humpa mtambo hiari ya mtu na kuufunga uchunguzi papo hapo. Aliyekataa amekataa, mtu atafanya nini isipokuwa kubembeleza au kwenda zake?

Kiambishi chetu cha kutendeka nacho kina hatari yake. Tukisema faili halisomeki, msikilizaji hawezi kujua kama maandishi yake yameharibika, au kama msomaji hana ruhusa. Umbo la -ik- humficha mtendaji, na mfasiri mvivu atalipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo hatupendekezi umbo moja dhidi ya jingine. Twapendekeza uchaguzi: halisomeki pale kosa liko katika faili, hujaruhusiwa kulisoma pale kosa liko katika ruhusa.

Mahali pa kujifunza uchaguzi huo ni kwa mafundi. Fundi wa magari hawezi kuishi kwa neno imekataa, hata kama mteja wake amekuja nalo. Yeye husema waya umekatika, breki zimelegea, bomba limeziba, betri imekwisha, gia hazishiki. Kila kitenzi ni uchunguzi uliokwisha kufanyika, na ndani yake mna tiba: kilichokatika huungwa, kilicholegea hukazwa, kilichoziba huzibuliwa. Msamiati huo umo midomoni mwa watu kutoka Mombasa hadi Kakamega, na haukupitishwa na kamati yoyote.

Pingamizi

Kuna watakaosema kwamba taarifa za hitilafu ziachwe katika Kiingereza, kwa sababu mtu akwamapo huinakili taarifa na kuitafutia msaada kwa wenzake duniani, na ikiwa katika Kiswahili atabaki peke yake. Hoja hii ina nguvu. Jibu letu ni kwamba nambari na majina ya mafaili yabaki kama yalivyo. Ishara 11 ni ishara 11 kwa Mfini na kwa Mdigo. Nambari itafutiwe msaada. Sentensi imweleze mwenye kompyuta.

Wengine watasema kwamba anayetumia Linux ni mtaalamu, na mtaalamu ajua Kiingereza. Lakini BOINC haikuundwa kwa ajili ya wataalamu. Iliundwa ili kumwomba mtu wa kawaida msaada. Ukimwomba mtu msaada kwa lugha ya ukarimu, kisha kazi ikikwama ukamsemesha kwa lugha ya mafumbo, hukumshirikisha. Umeazima tu mashine yake. Katika harambee zetu, mchango wa mtu ukipotea njiani, mweka hazina hulazimika kusimama na kueleza ulipotea wapi. Hatuoni kwa nini mchango wa saa za kompyuta uwe na heshima ndogo zaidi.

Hitimisho

Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice na kuthibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba programu nzima ya kazi za ofisi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na hatuna budi kuiheshimu. Twaona hatua inayofuata ni ya namna nyingine. Si kuongeza majina, bali kupanga vitenzi vya hitilafu: kipi kitumike wakati kitu hakipo, kipi wakati kipo lakini hakifikiki, kipi wakati kimezuiwa, kipi wakati kimekufa, na kipi wakati kimeuawa, na kila kimoja kiambatane na wakati wake sahihi, -ku-, -ja- au -me-.

Kwa upande wetu tunapendekeza jambo dogo la kuanzia. Katika kozi za tafsiri tumezoea kuwapa wanafunzi hotuba, matangazo, na labda menyu za programu. Wapewe pia kurasa mbili za daftari la matukio la programu kama BOINC, pamoja na kompyuta ya Linux ambayo kundi la boinc halimjui mwenyewe. Tafsiri itakayopata alama iwe ile ambayo mwanafunzi mwingine, asiyeona Kiingereza chake, ataweza kuisoma na kuirudisha kompyuta kazini.